Simu Zote kwa Namba Moja

Haya, kaeni. Mwenye kiti akae, mwenye ndoo aipindue akae, na huyo anayetafuna muhogo atafune taratibu, mimi masikio yangu siku hizi yanasikia vitu vya karibu tu.

Nchi ninayotaka kuwasimulia si hii yetu. Hii yetu haina shida, si mnasikia wenyewe kwenye redio kila asubuhi. Ni nchi nyingine, iko huko mbele ya milima, na jina lake siwezi kulitamka vizuri kwa sababu meno ya mbele yalishaniaga. Mimi nilikaa huko, ndiyo, ila nilikuwa napita tu. Nilipita miaka mingi. Nilioa hukohuko nikiwa napita.

Sasa nchi ile ilikuwa na maofisi, kila ofisi ina dirisha, kila dirisha lina foleni. Watu wanapanga mstari toka alfajiri, wengine wanaacha jiwe au kandambili kushika nafasi, wanakwenda kunywa chai. Ilikuwa nchi nzuri, mnakutana na watu. Lakini wageni wakija kutoka nje wanaziona zile foleni, wanazipiga picha. Wakubwa wakaona aibu. Wakaitisha kikao, wakala, wakatoka na dawa: madirisha yote yakazibwa kwa matofali. Na milango. Foleni ikahamishiwa kwenye simu, ambako mgeni hawezi kuipiga picha.

Ikatolewa namba ya bure, moja kwa nchi nzima. Wakaiita Sauti ya Taifa. Unataka maji, piga. Ng'ombe kaibiwa, piga. Umegombana na mkeo na unataka kuachana kiserikali, piga. Siku ya kuzindua, Mkurugenzi Mkuu wa Sauti ya Taifa, Daktari Mhandisi Kasyupa, alipanda jukwaani amevaa suti nzito kwenye jua lile, akasema:

"Ndugu wananchi! Kuanzia leo hakuna mwananchi atakayesimama juani! Mwananchi atasimama kivulini, nyumbani kwake, kwa hiari yake, akiwa na simu yake!"

Tukapiga makofi. Mimi nilijiuliza kidogo, kwa nini bado tunasimama? Baadaye ndo nikaelewa. Ukipiga ile namba, kabla hujapata mtu unapigiwa wimbo wa taifa. Na sheria ya nchi ile ilisema wimbo wa taifa ukipigwa kila mtu anasimama wima, mikono ubavuni, isipokuwa mkono mmoja ulioshika simu, huo ulisamehewa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Sheria ilikuwepo tangu zamani, simu ikaja, vikakutana.

Basi bwana. Ndo katika nchi hiyo mdogo wangu Asajile alikufa.

Alikuwa amekaa nje anamenya viazi. Alikuwa na tabia ya kumenya ganda refu bila kulikata, akimaliza anakuonyesha kama mtoto. Siku hiyo akaacha katikati. Nikamwambia, "Wewe, malizia basi," kisha nikaona kisu kiko chini. Sikulia. Watu wanasema kulia kunasaidia, lakini mdomo wangu ulikuwa kama umekula ndizi mbichi, na kifua vilevile. Nikaokota kile kiazi nikakimenya mimi.

Tukampeleka hospitali, wakamwandika kwamba amekufa, wakamweka kwenye chumba cha maiti. Zamani mngemchukua kesho yake mkazika. Lakini wakubwa walikuwa wameona kwamba watu wanazikana kiholela. Walisema raia hawezi kutoka nchini bila ruhusa, sembuse kutoka duniani. Kwa hiyo kukawa na kibali cha kuzika, na mlango wa chumba cha maiti ukawekewa kufuli la kisasa linalofunguka kwa namba ya kibali tu. Na kibali unakipata wapi? Kwenye simu. Unapiga, ukisikia sauti unabonyeza nne, mambo ya mazishi.

Sisi hatukuhangaika hata kidogo. Asajile alikuwa na mtoto mmoja, binti, anaitwa Tumpale, na Tumpale alikuwa mpokeaji wa simu hapohapo Sauti ya Taifa. Tena kitengo cha mazishi! Wanawake msibani wakasema kibali kiko ndani ya nyumba. Shangazi mmoja akaanza kabisa kuloweka maharage ya watu wa kuchimba kaburi.

Tumpale akaja na sare yake ya kazi, macho yamevimba. Alipomaliza kulia na wenzake nikamwita pembeni.

"Mwanangu, kibali vipi?"

"Siwezi, ba'mkubwa."

"Huwezi nini? Si wewe ndo wa mazishi?"

"Ndiyo mimi. Lakini kitufe cha kutoa kibali hakiwaki mpaka simu iingie kwangu. Na simu haziingii kwangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Sasa kutwa nzima pale unafanya nini?"

Akafikiri. "Nakuwa tayari," akasema.

Akanieleza. Mimi shule niliishia pale mwalimu alipohamishwa, lakini alinieleza nikaelewa, kwa hiyo na nyie mtaelewa.

Chini ya lile jengo kuna mtambo wa simu. Mtambo una mikono lakini hauna akili. Simu ikiingia unaishika, unaipigia wimbo, basi. Juu kuna kompyuta, na ndani yake programu. Programu ina akili lakini haina mikono. Sasa vinasemeshana. Mtambo unauliza, "Huku chini nimeshika mzee mmoja, kabonyeza nne, nimpe nani?" Programu inatazama wapokeaji wote: nani anajua mambo ya mazishi, nani yuko tayari. Wakiwa tayari wengi, inamchagua aliyekaa muda mrefu kuliko wote bila kazi, ili haki itendeke. Inajibu, "Mpe fulani." Mtambo unaunganisha, fulani anasikia simu inalia, anapokea.

Nikamwambia, "Aa! Hii ni kama ubwabwa wa shughuli. Mtambo ndo yule aliyeshika upawa. Programu ndo shangazi aliyekaa pembeni na kanga yake, hashiki chochote, anasema tu, mpe yule, yule bado hajala."

"Ndiyo hivyo, ba'mkubwa."

"Sasa mbona huli?"

"Kwa sababu kuna mgeni rasmi."

Sikilizeni vizuri hapa. Siku ya uzinduzi, kiongozi wa nchi ile mwenyewe aliomba aandikishwe kuwa mpokeaji wa simu, kwa unyenyekevu. Akapewa nafasi ya kwanza kabisa, ndo maana wakaanza kumwita Mheshimiwa Namba Moja. Simu yake ya kupokelea ikawekwa kando ya kitanda chake, Ikulu. Wakamwandika kwenye programu kwamba anajua mazishi, maji, mifugo, ndoa na kila kitu, na kwamba yuko tayari saa zote. Redio ikatangaza, watu wakalia kwa furaha.

Mheshimiwa hakuwahi kupokea hata simu moja. Si kwa ubaya, alikuwa na mambo. Na programu, kila ikitazama nani kakaa muda mrefu kuliko wote bila kazi katika nchi ile, inamwona yeye. Sisemi mimi, ilisema programu. Kwa hiyo simu zote zikawa zinakwenda kwake. Moja inalia kitandani kwake, nyingine zote ziko nyuma yake, zinaimbiwa, na kina Tumpale wamekaa ukumbi mzima na vidude masikioni, taa zao za kijani zinawaka, wako tayari.

"Na mtu asipopokea?"

"Mtu wa kawaida akitoka anabonyeza kitufe cha Hayupo kwenye simu yake. Asipobonyeza wala kupokea, programu yenyewe inamwandika Hayupo pale ukutani kituoni penye majina yetu, simu inakwenda kwa mwingine. Kwa Namba Moja hiyo sehemu waliizima."

"Kwa nini?"

"Nani ataandika kwamba Mheshimiwa Hayupo, ba'mkubwa?"

Nikaona kweli. Nani.

Basi nikapiga kama raia wengine. Nikabonyeza nne, nikasimama.

Kwetu, mwili ukiwa haujazikwa watu hawatawanyiki. Wanawake wanalala chini kwenye mikeka, wanaume nje kwenye moto, na katika kitongoji hakuna anayeshika jembe. Ndo heshima ya marehemu. Ilikuwa msimu wa kupalilia. Majirani walikaa kwetu wanatazama mashamba yao yanavyoota majani. Hakuna aliyesema kitu, ila kila mtu alikuwa ananitazama mimi na simu. Tukapeana zamu, nikichoka miguu anashika mwingine anasimama. Simu ilifungwa waya kwenye betri ya pikipiki isije ikazimika, kwa sababu ikikatika unarudi nyuma ya watu wote, wengi walikuwa wamepoteza nafasi hivyo. Na kwa vile tuliiweka spika, wimbo ulisikika uwanja mzima, kwa hiyo hata asiyeshika ilibidi asimame. Tukakubaliana tuipunguze sauti mpaka isikike kwa mshikaji tu. Ulikuwa uhaini mdogo, lakini wazee walikuwa na magoti.

Siku moja Mkurugenzi Kasyupa akaja kutoa pole, maana Tumpale alikuwa mtumishi wake. Alikuja na gari refu na mfuko wa sukari. Bahati mbaya mtoto wa mtu akagusa simu, sauti ikapanda, wimbo ukalia, na Mkurugenzi akaganda mlangoni mguu mmoja hewani, mkono ubavuni. Alikaa hivyo mpaka ubeti ukaisha. Alipokaa, akaanza hotuba.

"Wafiwa! Taifa linalia nanyi! Kifo cha ndugu yetu, eh, huyu, ni pengo! Sauti ya Taifa inafarijika kuona kwamba marehemu ameingia kwenye foleni kwa njia iliyo rasmi..."

Ndipo jirani yetu Mwaisumo, mzee asiye na adabu hata kwenye misiba ya kwao, akamkatiza.

"Mkurugenzi, tunaomba huyo Namba Moja aandikwe Hayupo. Kidogo tu. Tuzike, halafu mrudisheni."

Uwanja mzima ukamgeukia. Hata mbuzi aligeuka.

"Hayupo?" Mkurugenzi akatabasamu kama mtu aliyeona nyoka. "Mzee, Mheshimiwa yupo. Alikuwepo, yupo, na atakuwepo. Mheshimiwa asipokuwepo, mimi ni Mkurugenzi wa nini?"

"Basi apokee moja. Mtoto hapa anatuambia mtu akipokea, saa yake ya kukaa bila kazi inaanza upya. Akipokea moja zamu itakwenda kwa wengine."

"Hiyo ni kwa wapokeaji wa ngazi ya chini," akasema Mkurugenzi. "Kamati ya Itifaki ilishalitazama hilo. Saa ya Mheshimiwa hairudi mwanzo hata akipokea. Mheshimiwa haanzi upya. Mheshimiwa ndiye mwanzo."

"Basi Tumpale akae bila kazi zaidi yake!"

Hapo Mkurugenzi alikasirika kweli. "Mtumishi wa daraja la nne akae bila kazi kuliko Mheshimiwa? Mzee, nchi ina ngazi! Hata kupumzika kuna ngazi!"

Akanywa chai, akasifu chai, akaondoka. Tumpale alimsindikiza hadi kwenye gari, aliporudi nikamuuliza kama alimwomba. Akasema alimwomba. Akasema Mkurugenzi alimshika bega, akamwambia arudi kazini mapema, kwa sababu kituo hakiwezi kukaa na mtu mmoja pungufu wakati huu wa simu nyingi. Akarudi kazini. Nilimwona asubuhi anapiga pasi sare yake, polepole, akimaliza mkono mmoja anaurudia.

Mimi nikabaki na simu. Sauti ya yule mwanamke wa kwenye mtambo, mnamjua, yule mpole, kila baada ya ubeti anasema, "Simu yako ni ya muhimu sana kwetu. Wewe ni wa pili katika foleni ya mazishi." Alinisogeza mpaka hapo kadiri wenzangu walivyokatikiwa. Nilipofika wa pili, tulifurahi. Kisha nikakaa wa pili. Nikakaa wa pili mpaka msiba mzima ukaanza kumchukia mtu wa kwanza.

"Huyu wa kwanza ni nani?" shangazi anauliza, anageuza ubwabwa kwa hasira. "Ana betri gani hiyo?"

"Ni tajiri tu huyo," Mwaisumo anasema. "Ana watu wa kumsimamia. Labda hata hajafiwa, anapenda wimbo."

"Mwache," nikasema. "Naye ana maiti yake."

"Kama ana maiti mbona haoni huruma? Si akate tu!"

Tukamtukana kila siku, yule wa kwanza. Ilituchangamsha kidogo. Kulia tulikuwa tumeshaacha. Nilimfikiria Asajile kule kwenye droo lake, sikusikia kitu, nikamfikiria tena, sikusikia kitu, kama unagonga mlango wa nyumba ambayo watu wamehama. Nikawa najua maneno ya wimbo wa taifa kuliko jina la mama yangu.

Halafu mchana mmoja, sauti ileile, upole uleule: "Wewe ni wa kwanza katika foleni ya mazishi."

Nikawanyooshea mkono. Shangazi akaanza kupiga kigelegele, akajiziba mdomo, maana ni msiba. Wimbo ukakatika. Nikasikia inalia. Inalia kule. Mwaisumo akasema haitapokelewa, inalia kitandani kwa mkubwa. Nikasema najua.

Ikapokelewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, mtu mzima, mchovu. "Na wewe ni mimi?"

"Hapana, mama. Ni mzee Ambokile. Nina msiba, naomba kibali."

"Aa. Afadhali. Nilivyopokea ya kwanza nilijisikia mwenyewe."

"Sijaelewa, mama."

"Mimi nilikuwa nimepiga kuomba kibali. Nimesimama hapa na simu yangu sikioni siku zote hizi, na hii ya kwake inalia, inalia. Leo nikasema ngoja niinyanyue, ninyamazishe kelele. Nikasema haloo. Nikasikia haloo kwenye sikio la pili. Nikaiweka chini, na yangu ikakatika, nikaambiwa nimeshahudumiwa. Ikaanza kulia tena. Ndo wewe."

Nikauliza, ingawa nilishajua. "Hii ya kwake. Nani, mama?"

"Mume wangu," akasema. "Namba Moja."

Nikawapa mgongo wenzangu, nikasogea kwenye migomba.

"Pole, mama."

"Asante. Wewe ni wa kwanza kuniambia."

"Hapo ndani hawajui?"

"Wanajua. Kila mmoja anajua peke yake. Asubuhi wanaleta chai, wanapiga saluti, wanaondoka na chai ya jana. Redio inasema yuko imara. Chumba wamekiweka baridi. Nikawaambia tumzike mtu huyu, wakasema bila kibali haiwezekani, sheria aliisaini mwenyewe." Akavuta pumzi. "Wako ni nani?"

"Mdogo wangu. Alikuwa anamenya kiazi."

"Wangu alikuwa ananiuliza hotuba ilikuwaje. Nilikuwa natafuta neno zuri, nikigeuka, basi."

Nilisikia feni au mashine ya baridi kule kwake. Sikujua niseme nini kwa mtu kama yule, kwa hiyo nikasema ninachojua.

"Mama, hapo kwenye simu yake kuna kitufe kimeandikwa Hayupo?"

"Kipo. Kina nailoni yake bado, hawajaitoa."

"Ukikibonyeza, simu zitakwenda kwa wapokeaji. Watu wote watazika. Wewe pia utapiga upya, utampata mtu, atakupa kibali."

"Na kule ukutani kwenye kituo itaandikwa."

"Itaandikwa."

"Sasa hivi kila mmoja anajua peke yake, mzee. Nikibonyeza watajua kwa pamoja." Sauti haikutetemeka, alikuwa anaeleza tu. "Nyumba hii si yangu. Ni ya anayekuwepo. Kabla sijatoa shuka kitandani watakuwa wamefika, wanagombania kitanda. Mimi nitaondoka na nguo nilizovaa. Unalijua hilo?"

Nikatazama uwanjani. Watu wote walikuwa wamesimama, kwa mazoea tu, wimbo ulishaisha zamani. Nilitaka kumwambia bonyeza. Miguu yangu ilitaka, na mashamba ya watu yalitaka. Sikuweza. Ni mwanamke mwenye msiba, unamwambiaje atoke nje kwenye mvua.

"Nalijua, mama," nikasema. "Siwezi kukulazimisha. Kaa naye kama unataka."

"Sitaki kukaa naye," akasema. "Ameanza kubadilika." Halafu akauliza, "Wewe nikikurudisha, hutapotea?"

"Hapana. Anayekatikiwa ndo anapotea, anayerudishwa kwa kitufe hicho anarudi palepale alipokuwa. Programu haina roho mbaya."

Nikasikia nailoni inachanwa.

Yaliyotokea kituoni sikuyaona, alinisimulia Tumpale baadaye. Ule ukuta wenye majina ya wapokeaji, juu kabisa, palipokuwa na kijani tangu uzinduzi, pakageuka pekundu: Namba Moja, Hayupo. Ukumbi mzima uliinua vichwa. Mkurugenzi Kasyupa akatoka mbio ofisini kwake, akasimama chini ya ule ukuta, akatoa tamko bila kuulizwa na mtu. Alisema Mheshimiwa Hayupo kwa maana ya kwamba yupo kwingineko, na kwamba kutokuwepo kwake ni kwa muda, na kwamba kutokuwepo kwa muda ni aina ya juu ya kuwepo. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu hapo simu zote zilianza kulia kwa pamoja. Tumpale alisema alishtuka, hakuwahi kusikia yake ikilia, alidhani ni moto.

Mimi nikasikia wimbo nusu mstari, ukakatika.

"Karibu Sauti ya Taifa, unaongea na Tumpale, nikusaidie nini?"

"Tumpale! Mwanangu, ni mimi!"

"Naomba unieleze shida yako, mzee," akasema. Nikakumbuka alivyowahi kunionya, simu zao zinarekodiwa. Wakionekana wanahudumia ndugu, wanafukuzwa na kibali kinafutwa.

"Nimefiwa," nikasema.

"Pole sana. Jina la marehemu?"

"Asajile."

Nikasikia anaandika. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda bila kusita, binti yule alijifunza vizuri.

"Kazi yake?"

"Mkulima. Viazi."

"Uhusiano wako na marehemu?"

"Kaka yake."

"Ameacha mke?"

"Mke alitangulia."

"Ameacha watoto?"

"Mmoja. Wa kike."

"Jina la mtoto?"

Msinione mjinga, wajukuu zangu, nilishindwa kulitamka. Nikalitamka mara ya pili.

"Tumpale."

Vidole vikasimama. Kule nyuma yake nilisikia wenzake, haloo karibu, haloo pole sana, ukumbi mzima wanatoa pole. Halafu vikaanza tena, herufi moja moja, kama mtu anayeandika jina asilolijua.

"Limeingia," akasema. Akanisomea namba ya kibali, Mwaisumo akaiandika mkononi kwa mkaa. "Mnaweza kuzika. Kuna jambo lingine nikusaidie, mzee?"

"Tukusubiri?" nikamuuliza.

"Zamu yangu inaisha jioni," akasema. "Simu ni nyingi, huenda nikachelewa."

"Tutakusubiri."

"Hapana, mzee. Zikeni. Amekaa sana. Kuna mwingine anasubiri kwenye laini."

"Haya, mama," nikamwambia, nikakata ili na huyo aingie.